Mwaka Mama Alipooa

Mke wa mama yangu alizikwa Ijumaa iliyopita, kwao upande wa Kisii, kwenye mteremko wa ndizi ambako gari letu lilikataa kupanda na tukamalizia kwa miguu. Nikisema hivyo, mke wa mama yangu, vijana wa siku hizi hunitazama kama mtu aliyekosea kuongea. Sijakosea. Nimefundisha darasa la kwanza hadi nikastaafu mapema, na kama kuna kitu nimezoea ni kusema jambo vile lilivyo, ili hata mtoto wa miaka sita aelewe. Mama yangu, mwanamke wa Boito, mjane, mshiriki wa kanisa, mkulima wa chai, aliugua ugonjwa wa kusahau, na katika huko kusahau kwake akaoa. Alimwoa Moraa, mwanamke Mkisii ambaye mimi mwenyewe nilikuwa nimemwajiri amwoshe, amlishe na amzuie kupotea. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na mimi nilikuwa nimepata nafasi katika chuo cha ualimu. Pale matangani, tukiwa kwenye viti vya plastiki, dada yangu Chelangat aliniinamia akaninong'oneza, "Unakumbuka ile nyasi?" Nikacheka, nikajifunika mdomo kwa leso wasinione. Tangu hapo mwaka ule umekataa kunitoka kichwani, kwa hiyo nimeona heri niuandike.

Mambo ya ukoo nitayaruka. Inatosha kusema kwamba baba alifariki mimi nikiwa mdogo, kwamba hakuacha mtoto wa kiume, na kwamba tulikuwa wasichana wawili tu, Chelangat na mimi, Cherono. Chelangat alikuwa ameolewa Mulot. Nyumba yetu ilikuwa ya mbao na mabati, sebule na vyumba viwili, na jiko lilisimama peke yake uani, la udongo, na kuni zimepangwa hadi juu karibu na paa ili zikauke kwa moshi. Ugonjwa ulianzia humo jikoni. Mama alikuwa hodari wa kugandisha maziwa, yale tunayoita mursik. Kibuyu huoshwa, hukaushwa, halafu husuguliwa ndani kwa kijiti kilichochomwa hadi kuwa mkaa, ndipo maziwa yatiwe yakae. Alianza kusugua kibuyu kile kile asubuhi, mchana na jioni, kila mara akidhani ndiyo mara ya kwanza, hadi maziwa yakatoka meusi kama wino. Siku moja aliacha kijiti chenye moto kwenye kuni akaenda zake shambani. Nilikuta paa linafuka. Nilizima kwa maji ya kunyweshea ng'ombe, na Mama aliporudi aliniuliza kwa nini nimelowesha jiko lake.

Shambani nako hakukuwa na nafuu. Mtu aliyechuma majani mawili na chipukizi maisha yake yote alianza kuleta majani makavu na vijiti, na karani wa kituo cha majani akawa anamwaga kikapu chetu chini mbele ya watu. Halafu akaanza kuchuma chai ya jirani. Tulimpeleka hospitalini Kapkatet. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimuuliza Mama jina la rais, Mama akamjibu kwamba yeye hana habari na siasa, kisha naye akamuuliza daktari kama ameoa. Daktari akacheka, akasema bado, na Mama akamwambia asichelewe kwa sababu nyumba bila mke inanuka panya. Kule nje ya mlango yule kijana alituambia kwamba huu ni ugonjwa wa kusahau, kwamba hauna sindano, na kwamba dawa kubwa ni mtu wa kukaa naye kila saa. Chelangat akamuuliza huyo mtu anapatikana wapi. Daktari akasema, "Hapo sasa, mama, ni nyinyi wenyewe."

Chelangat alijaribu kwanza. Alimchukua Mama kwenda kwake Mulot, na nikalala usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Lakini kule ni nchi ya wazi, ngano na mifugo, na barabara ya Narok inapita karibu na boma. Mama alitoka akitafuta chai yake. Kwa kuwa hakuiona, aliendelea kutembea. Dereva wa lori la ngano alimkuta katikati ya lami, akiwa na kikapu mgongoni, akamrudisha akiwa amekaa mbele kama mke wa tajiri. Chelangat alilia siku nzima, halafu akamleta nyumbani. Baada ya hapo tukatafuta msichana wa kazi. Wa kwanza alikuwa binti wa rafiki wa Mama kutoka ng'ambo ya bonde. Mama alimfukuza kwa kuni, akisema anahesabu vijiko. Wa pili alikuwa mjane wa kanisani, mama mtu mzima mwenye heshima zake, na huyo aliondoka mwenyewe baada ya Mama kumuuliza mbele ya mchungaji kwa nini anaiba maziwa. Niliona aibu.

Wakati huo huo Baba mdogo alikuwa ameanza kuja nyumbani mara kwa mara. Huyu alikuwa ndugu wa marehemu baba, jina lake Kiprono, mzee mrefu, msafi, mwenye fimbo aliyoitundika mlangoni kama koti. Sitaki mtu amdhanie vibaya. Hakuwa na tamaa ya shamba letu. Alikuwa na lake. Alikuwa tu mtu wa desturi, na desturi ya nyumba isiyo na mtoto wa kiume aliijua vizuri. Kwetu, Wakipsigis, nyumba ya namna hiyo ina njia mbili za kutofungwa. Ya kwanza, yule mama mwenyewe anaweza kuoa mwanamke, akatoa ng'ombe kama mwanamume, na watoto wa huyo mwanamke wakawa wa nyumba yake. Wazee husema ni kuitilia nyumba nguzo. Njia ya pili ni kumbakisha binti wa mwisho. Haolewi nje. Anakaa kwao, anazaa kwao, na nyumba inaendelea kupitia kwake. Baba alipozikwa, wazee walimwekea Mama njia zote mbili mezani, na Mama akazikataa zote. Alisema kanisa haliruhusu. Nilikua nikijua hivyo, kwamba kanisa halikuruhusu, na sikuwahi kuuliza zaidi.

Jioni moja nilikuwa jikoni nikisonga ugali, na Baba mdogo alikuwa nje kwenye rundo la kuni akiongea na Chelangat aliyekuja kututembelea. Hawakujua kwamba ukuta ule wa udongo ulikuwa na ufa. "Mnasumbuka bure na watu wa nje," alisema. "Binti wa mwisho si yuko hapa?" Chelangat akamwambia, "Cherono amepata chuo, Baba." Baba mdogo akasema kwa upole kabisa, na upole huo ndio ulionitisha, "Chuo ni kizuri. Lakini Bot Chelangat amwachie nani nyumba?" Bot Chelangat, yaani mama yake Chelangat, ndivyo watu wote walivyomwita Mama. Ugali uliungua. Nilielewa vizuri sana nilichokisikia. Kama chuo kingefungua kabla sijapata mtu ambaye Mama angemkubali, nisingeahirisha kwenda mwaka mmoja tu; ningekuwa nimebaki. Hakuna ambaye angenilazimisha. Ningebaki kwa sababu kila asubuhi kungekuwa na uji wa kupika, na baada ya miaka michache watu wangesema huyu ndiye aliyebakizwa nyumbani, na ingekuwa kweli.

Moraa alikuja kwa habari ya mdomo. Alikuwa amechuma chai kwenye mashamba makubwa upande wa Kericho hadi mgongo ukakataa, na mtu akamwambia kuna mwanafunzi Boito anatafuta mtu wa kukaa na mgonjwa. Miaka ile sisi na Wakisii tulikuwa tunatazamana kwa jicho la pembeni, kwa mapigano ya mpakani ambayo kila mtu anayajua, na majirani waliniuliza kama nimepungukiwa na akili. Niliwaambia akili imeisha nyumbani kwetu, iliyobaki ni ya kuazima. Moraa hakuwa msichana. Alikuwa na zaidi ya miaka thelathini, mpana, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na watoto wawili aliowaacha kwa mama yake. Mume alikuwa amekwenda kutafuta kazi na bado alikuwa akiitafuta. Alikuja na mfuko mmoja na redio, na swali lake la kwanza halikuhusu mshahara. "Hapa mnashika salamu?" aliuliza. Alimaanisha kipindi cha salamu redioni. Nikamwambia tunashika, ukisimama dirishani. Akasema, "Basi nitakaa."

Nisimpambe kwa kuwa amekufa. Moraa aliunguza uji kwa sababu ya salamu. Alivunja taa. Alipenda kulala, na alibishana nami juu ya chumvi kana kwamba tumeolewa na bwana mmoja. Maziwa yetu yenye mkaa yalimshinda kabisa. Mama, ambaye hakumjua lakini hakuweza kumnyima mgeni maziwa, alimmiminia kikombe kila siku, na Moraa alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akazunguka nyuma ya nyumba na kuyamwaga kwenye migomba. Wiki za kwanza Mama alikaa mlangoni akiniuliza kwa sauti, kwa Kiswahili ili mwenyewe asikie, "Huyu mgeni anaenda saa ngapi?" Hakukubali kuoshwa naye. Hakukubali kuoshwa nami pia, kwa kuwa mtoto hamvui mama yake nguo, na hilo hata ugonjwa haukuwa umemsahaulisha. Alikuwa akinuka. Ni vibaya kuandika, lakini ndivyo ilivyokuwa, na nilikuwa nimeanza kuona njia zote zimefungwa.

Halafu ikaja siku ya nyasi. Ilikuwa asubuhi ya mvua ndogo. Moraa alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko akimenya viazi, redio iko begani. Mama alitoka upande wa malisho akiwa amelowa hadi magotini, na mkononi ana nyasi ndefu, ile ya segutiet. Nyasi hiyo kwetu si ya kuchezea. Ndiyo hufungwa mikononi mwa bwana na bibi siku ya arusi, na ikishafungwa mambo yamekwisha. Mama alimwinamia Moraa, akamshika mkono uliokuwa na kisu, akakitoa kile kisu akakiweka chini taratibu, kisha akaizungusha nyasi kwenye kifundo cha mkono na kuifunga. Akajifunga na yeye, kwa meno. Halafu akaingia sebuleni. Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo ya maziwa, nimeduwaa. "Hii ni nini?" Moraa aliniuliza. Nikamwambia, "Umeolewa." Nilidhani atatupa nyasi aniombe nauli. Aliutazama mkono wake, akautazama mlango alimoingilia Mama, akasema, "Haki ya Mungu. Na Baba Onchari bado hajarudi." Onchari ni mtoto wake wa kwanza. Kisha akaendelea kumenya.

Kumbe kwao jambo hilo lipo pia. "Nyanya yangu alioa," aliniambia mchana huo tukila viazi na mboga ya isagek, ile chungu ambayo wao na sisi tunaila sawasawa. "Hakuwa na kijana. Ile bibi alioa ilifanya kazi mpaka ikazeeka kabla yake. Wewe Cherono, bibi ya mwanamke hana likizo. Bwana wa kiume atatoka aende kunywa pombe, upumzike. Huyu atakaa hapa tu akiangalia." Nikamwambia Mama ni mgonjwa, atasahau kesho. Moraa alitikisa kichwa. "Asahau ama asisahau, watoto wangu ni wa kwetu. Hiyo uniandikie kwa roho yako. Nyasi nitavaa. Watoto sitoi." Nikamwambia hakuna anayetaka watoto wake. Akasema, "Mimi nakuambia tu, kwa sababu hii nyumba yenu inapenda kuoa."

Mama hakusahau. Alisahau jina langu, alisahau kwamba baba amekufa, alisahau kula na alisahau kwamba amekula, lakini hilo hakulisahau. Kila asubuhi alimwangalia Moraa mkononi, na nyasi ikikauka alikwenda kutafuta nyingine. Na yeye mwenyewe akabadilika. Alihamia kwenye kiti cha baba, kile cha mikono ambacho hakikukaliwa na mtu tangu mazishi, akakaa ametanua miguu kama mzee aliyerudi kutoka mnadani. Alianza kukohoa kabla ya kuingia ndani. Aliita chakula. Alimwambia Moraa, "Niletee maji," na maji yakaja, na akaoshwa, akiwa amenyooka na kukunja uso kama mtu anayetimiziwa haki yake. Na jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba aliacha kuingia jikoni. Jiko si mahali pa mwenye mke. Vibuyu vilipumzika, kuni zilikauka salama, na nikaacha kunusa hewa kila nikirudi kutoka shambani. Kwa ule uwendawazimu wake nyumba yetu ikawa na utaratibu kuliko tulipokuwa sote na akili.

Ningekuwa nimefurahi, na kwa sehemu nilifurahi. Lakini niliumia pia, na sioni sababu ya kuficha. Nilimwona pale kitini, ametulia, na nikajiambia kwamba hiki ndicho alichokitaka miaka yote. Alikikataa kwa mdomo kwa sababu ya kanisa, na moyoni akakitunza. Sisi wawili, Chelangat na mimi, tulimchumia chai, tukamkamulia ng'ombe, tukamchekesha, na bado alikuwa anahesabu nafasi ya mtu mwingine. Nilimwandalia Mama chai siku moja, nikaipeleka mwenyewe badala ya Moraa. Aliipokea, akanishukuru kwa adabu kama anavyoshukuru mtoto wa jirani. Nilikwenda nyuma ya nyumba kulia, na migomba ikanuka maziwa yaliyochacha hadi nikaacha.

Wakaja akina mama wa kanisa, kuomba na mgonjwa. Walikuwa watano au sita, na kanga zao za umoja, wamekaa wamebanana kwenye makochi yenye vitambaa. Moraa alipoleta chai, Mama alimwonyesha kwa kidole akasema kwa Kipsigis safi, "Huyu ni mke wangu. Nimemtoa Kisii. Anaunguza uji lakini atajifunza." Mwenyekiti wao alipaliwa. Mwingine akasema Bwana asifiwe, nadhani kwa kukosa neno lingine, na wote wakaitikia amina. Waliomba haraka haraka na hawakumaliza mandazi. Walipokuwa wakishuka njia niliwasikia wakianza kucheka, si kwa ubaya, na kabla ya Jumapili Boito yote ilikuwa na habari. Baba mdogo alituma neno kwamba anakuja na wazee wawili, na kwamba Chelangat awepo. Wakati huo zilikuwa zimebaki wiki chache chuo kifungue. Sanduku langu la bati lilikuwa chini ya kitanda, na nilikuwa sijatia kitu ndani kwa kuogopa.

Walikuja baada ya ibada. Fimbo zikatundikwa. Mama alikuwa kwenye kiti cha baba, macho yamefumba nusu, na Moraa alikuwa amesimama karibu na mlango wa chumba, mkono wenye nyasi ameuficha nyuma kama mtoto aliyeiba sukari. Chelangat alileta chai, kisha akakaa karibu nami. Baba mdogo hakuzunguka. Alisema yanayosemwa njiani yanaleta aibu kwa nyumba ya ndugu yake. Alisema mgonjwa hawezi kuoa, na kwamba ni vizuri jambo likasemwa wazi mbele ya watu. Akamgeukia Moraa, akamuuliza kwa Kiswahili, "Wewe mama, hapa wewe ni nani?" Moraa hakusita. "Mzee, mimi ni mtu wa mshahara. Hii nyasi nilifungwa, sikujifunga." Wazee wawili wakaitikia kwa kichwa, wakaridhika. Baba mdogo akasema, "Vizuri. Basi hakuna mke. Ni kazi tu, na mtu wa kazi huenda akitaka. Kwa hiyo tunarudi pale pale. Bot Chelangat anahitaji mtu wa damu. Cherono, mwanangu, sisi hatukulazimishi." Kisha akachukua kikombe chake, akingoja niseme mwenyewe.

Nilifungua mdomo. Mpaka leo sijui ningesema nini. Nadhani ningekubali. Nilimwona Mama amelala kitini, kidevu kifuani, mikono midogo, na maneno ya kukubali yalikuwa tayari ulimini. Ndipo Mama akasema, bila kufungua macho, "Kiprono." Hakumwita shemeji wala mzee, alimwita jina lake kama alivyomwita alipokuwa kijana anayechunga. Baba mdogo akajibu, "Naam." Mama akasema, "Mlipomzika ndugu yako mlikuja hapa. Mkakaa hapo hapo. Mkaniambia nioe, au nimfunge huyu mtoto nyumbani. Mmesahau?" Baba mdogo akasema hawajasahau. Mama akafungua macho. Alimtazama Moraa, kisha akanitazama mimi, na nyuso zetu alizitofautisha, hilo naliapia. "Basi nimeoa," akasema. "Huyu anakaa. Huyu anaenda. Mwacheni aende." Akapangusa mdomo kwa kiganja, akamgeukia Chelangat na kumuuliza hawa watu wote wanataka nini nyumbani kwake, na kama ng'ombe wamekamuliwa.

Mzee mmoja alikuna goti. Nimefundisha watoto wadogo miaka mingi, na najua mtu anaweza kutoa jibu sahihi bila kujua hesabu yenyewe. Huenda Mama alikuwa anaokota tu vipande vya mazungumzo ya zamani, na vikaangukia mahali pake. Daktari wa Kapkatet angesema hivyo, na sitabishana naye. Lakini mimi nilikuwa pale. Miezi yote ile nilidhani alioa kwa sababu sisi hatukutosha. Mimi nilimfikiria kama mtu aliyekosa mwana, na yeye alikuwa anatafuta mahali pa kupitisha binti. Baba mdogo aliweka kikombe chake chini. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayefunga kikao, "Kichwa chake kimepotea, lakini nyumba bado ni yake. Tumemsikia." Akasimama, akachukua fimbo, na akiwa mlangoni akamwambia Moraa, "Na wewe, acha kumwaga maziwa kwenye migomba. Kijiji kizima kinasikia harufu." Moraa akasema ndiyo mzee. Tangu siku hiyo akawa anayanywa, pua imezibwa.

Niliondoka asubuhi yenye jua. Sanduku lilikuwa limejaa, na Chelangat alikuwa amekuja kunisindikiza hadi barabarani. Niliingia kumuaga Mama. Alikuwa kitini, amevaa sweta la baba, nyasi mpya mkononi. Nikamwambia, "Mama, naenda." Aliniangalia vizuri, akaniuliza naenda mbali. Nikamwambia mbali kidogo. Akamwita Moraa. "Mpe mgeni maziwa anywe," alisema. "Amekaa nasi vizuri." Nilikunywa nikiwa nimesimama, yote, hadi mkaa wa chini. Mama akanipokonya kikombe, akaangalia kama nimemaliza, akaridhika. Sikulia pale. Nililia nilipofika kwenye chai ya jirani, nikijificha nyuma ya Chelangat, na yeye akaniambia nijifute haraka, gari halingoji.

Moraa alikaa na Mama hadi mwisho, miaka kadhaa, akipokea mshahara wake kutoka kwa chai yetu na kwa Chelangat, na baadaye kwangu nilipoanza kufundisha. Aliendelea kuunguza uji. Mama alifia mikononi mwake mchana, salamu zikiwa redioni, na baada ya mazishi Moraa alifunga mfuko wake. Siku aliyoondoka Baba mdogo alitokea na ndama jike mwenye madoa, amemfunga kamba. Alimswaga mwenyewe, na umri wake wote ule, hadi kule mpakani, Moraa akifuata nyuma na redio kichwani. Nilimuuliza Baba mdogo kwa nini. Akasema shemeji yake amekufa bila kutoa mahari na yeye hataki kelele na Wakisii. Hakutabasamu aliposema. Huyo ndama alizaa, na watoto wake wakazaa, na Ijumaa iliyopita binti wa Moraa alinivuta kando ya zizi akanionyesha ng'ombe mwenye madoa anayecheua. "Huyu ni wa ukoo wenu," alisema. "Mama alitusomesha kwa maziwa yao. Alikuwa anasema ameolewa mara mbili, na bwana wa pili ndiye alimpa kitu."

Wakati wa kuongea ulipofika, mwenye kipaza sauti aliita jamaa kwa zamu. Walisimama watoto, wakasimama wakwe, wakasimama watu wa chama cha ndizi. Kisha akasoma karatasi yake, akakwama, akauliza kama kuna wageni kutoka Ukipsigis. Chelangat akanisukuma. Nilitembea hadi mbele, karibu na jeneza, na yule kijana akaniinamia na kuuliza, nje ya kipaza sauti, "Mama, tuseme wewe ni nani wa marehemu?" Nilikuwa na jibu refu, na nilikuwa nimelitayarisha njia nzima. Nilichukua kile kipaza sauti na jibu likanitoka kichwani.

"Nyumbani kwetu mmoja alipaswa kukaa ili mwingine aende," nikawaambia. "Mimi ndiye niliyeenda. Huyu ndiye aliyekaa."